Nchi Isiyobebeka: Muziki wa Piano Uliotoka Kwenye Barafu

Leo katika makala zetu za historia tunasafiri mbali kidogo. Tunaenda kaskazini kabisa mwa dunia, kule ambako wakati wa baridi jua linapotea wiki nyingi, na maji ya ziwa yanaganda mpaka gari linapita juu yake.

Kwa wengi wetu, Norwe na Ufini ni majina tunayoyasikia pale familia fulani inapopata nafasi ya kwenda nchi ya tatu. Tunawasindikiza na nyimbo, tunapiga picha, halafu baada ya mwezi wanatutumia video ya theluji. Tunawacheka: "Mtaganda huko!" Basi leo tuiache video, tusikilize muziki wa hiyo theluji.

Kuna aina ya muziki inayopendwa sana siku hizi, piano peke yake, bila mwimbaji, bila ngoma, bila hata neno moja. Mtunzi anaupa jina la mlima, la ziwa lililoganda, la mti uliosimama peke yake kwenye theluji. Watu wanausikiliza wakisoma au wakitafuta usingizi. Ukiusikia mara ya kwanza unaweza kusema, huu ni muziki wa watu walioshiba. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, siyo?

Lakini ukifuata historia yake unakuta kitu kingine. Mizizi ya muziki huu iko kwa watu ambao nchi yao haikuwa mikononi mwao. Walikuwa chini ya wafalme wa wengine, wanaandika kwa lugha ya wengine. Nchi huwezi kuibeba kwenye begi, hilo tunalijua vizuri kuliko wengi. Wao walijaribu kuibeba kwa sauti. Na nyuma ya watunzi wenye majina makubwa kuna wazee wa kijijini ambao bila wao muziki huo usingekuwepo. Hao ndio hasa nataka tuwajue leo.

Kwanza, piano yenyewe

Wengi wetu tukisema piano tunamaanisha kile kinanda cha umeme cha kwaya, ambacho sola ikiisha nacho kinanyamaza. Piano ya asili haina umeme. Ni sanduku kubwa la mbao lenye nyuzi za chuma zaidi ya 200 zilizokazwa kwa nguvu, na vibonyezo 88. Ukibonyeza, nyundo ndogo iliyofunikwa kwa kitambaa kizito cha sufu inagonga nyuzi, zinalia. Aliyeibuni ni fundi Mwitalia, Bartolomeo Cristofori, mjini Florence, karibu mwaka 1700. Jambo jipya lilikuwa hili: ukigusa polepole inalia polepole, ukigonga kwa nguvu inalia kwa nguvu. Tena chini kuna pedali. Ukiikanyaga, nyuzi zinaendelea kulia hata baada ya kidole kuondoka. Kumbukeni hiyo pedali, tutairudia.

Katika karne ya 19 piano iliingia kwenye nyumba nyingi za Ulaya, za watu wa hali ya kati. Hakukuwa na redio wala simu. Ukitaka muziki nyumbani, lazima mmoja wa nyumba akae apige. Kwa hiyo kukawa na biashara kubwa ya karatasi za nota. Mtunzi anaandika kipande kifupi cha dakika mbili au tatu, kampuni inakichapa, binti wa mwalimu au wa mwenye duka anakinunua na kukipiga sebuleni. Ndiyo maana vipande vingi vya barafu na milima ni vifupi. Viliandikwa kwa ajili ya sebule.

Norwe: kijana wa Bergen

Norwe ilikaa chini ya wafalme wa Denmark karne kadhaa. Mwaka 1814, mwishoni mwa vita vya Napoleon, Denmark ililazimishwa kuiachia Uswidi. Wanorwe hawakuulizwa. Waliandika katiba yao haraka, tarehe 17 Mei 1814, lakini mwaka huohuo wakaingizwa kwenye muungano chini ya mfalme wa Uswidi, mpaka 1905. Na lugha ya vitabu na ofisi kwa muda mrefu ilikuwa Kidenmark. Kwetu sisi, tunaotoka sehemu ambazo mipaka ilichorwa na watu wasioishi huko, jambo hili halihitaji maelezo marefu.

Katika Norwe hiyo, mwaka 1843, alizaliwa Edvard Grieg katika mji wa Bergen. Ni mji wa mvua na milima, ulioko kwenye pwani ya fiodi, yaani zile ghuba ndefu nyembamba zilizochimbwa na barafu ya kale sana. Mwalimu wake wa kwanza wa piano alikuwa mama yake, Gesine. Alipokuwa na miaka 15 mpiga fidla maarufu, Ole Bull, aliwaambia wazazi: huyu mtoto mpelekeni Leipzig, Ujerumani, akasome muziki. Akaenda. Huko aliugua mapafu, na tangu hapo mpaka kufa aliishi kwa pafu moja linalofanya kazi. Alirudi na cheti kizuri, lakini kichwani alikuwa na muziki wa Kijerumani.

Aliyembadilisha ni kijana mwenzake. Mwaka 1864, akiwa Copenhagen, alikutana na Rikard Nordraak, Mnorwe kama yeye, aliyekuwa akitaka muziki unaotoka kwao. Nordraak ndiye aliyetunga sauti ya wimbo wa taifa wa Norwe. Alikufa 1866 akiwa na miaka 23 tu. Grieg akaibeba ile kazi.

Kuanzia 1867 mpaka 1901 Grieg alichapisha vitabu kumi vya vipande vidogo vya piano, jumla vipande 66. Vinajulikana kwa jina la Vipande vya Kinanda vya Kishairi, ingawa maneno hayamo. Angalieni majina yake: kuna wimbo wa nchi ya baba, kuna maandamano ya mazimwi ya milimani, kuna kengele zinazolia kwa mbali, kuna kimoja kinachoitwa Hamu ya Nyumbani. Kipande cha mwisho kabisa, cha 1901, kinarudisha sauti ileile ya kipande cha kwanza cha 1867, lakini kwa mwendo wa dansi. Miaka 34 katikati. Katika miaka hiyo yeye na mke wake Nina walimzika mtoto wao wa pekee, Alexandra, aliyekufa 1869 akiwa hajafikisha miaka miwili.

Kuna kimoja cha 1886 kinachoitwa Kwa Majira ya Kuchipua. Sisi hatuna majira hayo, lakini fikirieni miezi mingi ya giza na baridi, halafu siku moja maji yanaanza kudondoka kutoka kwenye paa. Mkono wa kulia unagusa sauti za juu, polepole, zinarudiwarudiwa kama matone. Chini yake mkono wa kushoto unaimba. Baadaye wimbo unapanda juu na mikono yote inatiririka. Hakuna mtu aliyesema "theluji inayeyuka", lakini unaisikia.

Grieg alipenda kuandikia muziki wake kwenye kibanda kidogo cha mbao, piano moja, meza moja, dirisha linaloangalia maji. Alipokuwa na kibanda hicho huko Hardanger, akiangalia fiodi na milima yenye barafu juu, wakulima walikuwa wanajificha nje kumsikiliza. Baadaye alijenga kingine karibu na nyumba yake, Troldhaugen. Akiondoka, aliacha karatasi ya kumwomba mwizi atakayeingia asichukue nota, kwa sababu hazina thamani kwa mtu yeyote isipokuwa Edvard Grieg. Jamani, huyo mwizi angejua!

Mzee Knut Dahle na nyimbo 17

Sasa tufike kwa mzee wa kwanza niliyewaahidi. Katika mkoa wa Telemark, wenye milima na theluji nyingi, aliishi mpiga fidla anayeitwa Knut Dahle. Alizaliwa 1834. Alipiga fidla ya Hardanger, ambayo chini ya nyuzi za kawaida ina nyuzi nyingine zisizoguswa, zinalia zenyewe zikiitikia. Wakati huo fidla hii ilikuwa na maadui. Baadhi ya wahubiri waliiita chombo cha shetani, na kuna fidla zilizochomwa moto. Wale wanaojua jinsi ngoma za wazee wetu zilivyoitwa za kishetani wataelewa.

Mzee Knut hakusoma nota. Nyimbo alizijua kichwani, alizopokea kwa mabwana wa zamani. Akaona vijana wa kwao hawazitaki, akaogopa zitaingia naye kaburini. Akafanya jambo ambalo mimi naliona la ujasiri: alimwandikia barua Grieg, mtu mkubwa kabisa wa muziki nchini. Alimwandikia mwaka 1888, akaandika tena 1901. Safari hii Grieg alichukua hatua. Alimwomba mpiga fidla msomi, Johan Halvorsen, akae na mzee na kuandika kila alichopiga. Zikapatikana nyimbo 17. Grieg akazigeuza kuwa muziki wa piano, zikachapishwa 1903, pamoja na maandishi ya fidla ya Halvorsen.

Ukizisikia leo, hazibembelezi. Ni ngumu, zinagongana, zina ukali wa mawe na upepo. Hizo hazikutoka Leipzig, zilitoka kwa mzee aliyekataa kufa nazo. Na miaka miwili baadaye, 1905, Norwe ikawa nchi inayojitegemea. Sisemi piano ilileta uhuru, hapana. Ulikuja kwa bunge, kwa kura na kwa mazungumzo magumu. Lakini watu waliopiga kura walikuwa tayari wanajua nchi yao ina sauti gani.

Ufini: mtunzi mwenye madeni na miti yake

Tuvuke Uswidi twende Ufini. Huko bwana alikuwa Mrusi. Tangu 1809 Ufini ilikuwa sehemu ya himaya ya Urusi, na mwaka 1899 mfalme wa Urusi alianza kubana zaidi, magazeti yakafungwa. Jean Sibelius, aliyezaliwa 1865, ndiye aliyetunga Finlandia, muziki wa okestra ambao wakati mwingine ulibidi upigwe kwa jina lingine ili wakubwa wasistuke. Huo ndio unaojulikana. Mimi leo nataka tuangalie vipande vyake vidogo vya piano, ambavyo wasomi wengi waliwahi kuvidharau.

Sibelius hakuwa mpiga piano, alikuwa mtu wa fidla. Mwaka 1904 alihamia na mke wake Aino kwenye nyumba ya mbao msituni, karibu na ziwa Tuusula. Nyumba wakaiita Ainola. Maisha yake yote hakukubali mabomba ya maji ndani ya nyumba, kwa sababu sauti ya maji kwenye mabomba ingemsumbua akitunga. Alitaka asikie ukimya wa theluji tu.

Lakini ukimya haulipi madeni, na yeye alikuwa na madeni mengi. Mwaka 1914 vita kuu ya kwanza ikaanza. Kampuni iliyokuwa ikichapa kazi zake ilikuwa Ujerumani, yeye ni raia wa himaya ya Urusi, na nchi hizo mbili zinapigana. Pesa ikakatika. Na familia inataka kula. Basi akaanza kuandika vipande vifupi vya piano na kuviuza kwa wachapaji wa karibu. Mwaka huohuo 1914 akaandika vipande vitano vinavyoitwa Miti. Kimoja ni cha msonobari uliosimama peke yake. Cha mwisho ni cha mti unaobaki na kijani wakati miti mingine yote imekuwa mifupa kwenye theluji: wimbo wa polepole, mzito, halafu ghafla upepo unapita kwenye vibonyezo vyote, halafu kimya tena. Vipande alivyoandikia mkate wa watoto ndivyo wanafunzi wa piano wanavyopiga mpaka leo.

Ufini ilijitangazia uhuru tarehe 6 Desemba 1917. Wiki chache baadaye, Januari 1918, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Watu zaidi ya 35,000 walikufa katika nchi ndogo namna ile, maelfu kati yao wakiwa wafungwa waliokufa kwa njaa na magonjwa kambini. Askari waliingia Ainola kupekua, na familia ikahamia Helsinki, kwenye hospitali alikokuwa akifanya kazi ndugu yake Sibelius. Yaani yule mzee tunayemwona kwenye picha na sigara yake, mtulivu kama jiwe, naye alikimbia nyumba yake.

Na yeye pia ana mzee wake nyuma. Huyu ni mama: Larin Paraske. Alizaliwa 1833 upande wa mashariki, eneo la Ingria, akaishi maisha ya umaskini. Alijua nyimbo za kale nyingi sana. Mchungaji mmoja, Adolf Neovius, alikaa naye na kuziandika, zikafika mistari kama 32,000. Kichwani mwa mama mmoja asiyejua kusoma! Mwaka 1891 Sibelius alisafiri hadi Porvoo kumsikiliza, akaangalia jinsi anavyopandisha na kushusha sauti. Mwaka uliofuata alienda mwenyewe Karelia kusikia waimbaji wengine. Ile namna ya kuzungusha sauti chache, kurudia na kubadilisha kidogo, ikaingia kwenye kalamu yake na haikutoka tena.

Sibelius akawa anapata pensheni ya serikali. Mama Paraske alikufa 1904, maskini. Tuseme ukweli huo pia.

Karelia yenyewe ilipatwa na nini? Urusi ya Kisovieti ilishambulia Ufini mwishoni mwa 1939, na amani ya Machi 1940 ilikata sehemu kubwa ya Karelia. Watu zaidi ya 400,000 waliacha nyumba, mashamba na makaburi. Wengi walirudi vita vilipogeuka, halafu mwaka 1944 wakakimbia tena, safari hii moja kwa moja. Zaidi ya mtu mmoja kati ya kila kumi nchini Ufini akawa mhamishwa. Serikali iliwagawia ardhi, wakajenga upya. Lakini wale walioimba nyimbo za kale na wale waliozisikiliza hawakuwa tena kwenye vijiji vilevile. Kilichoandikwa kabla kilibaki. Kisichoandikwa, kikaenda.

Barafu inasikikaje?

Mtu ataniuliza: sauti bila maneno inasemaje barafu? Swali zuri. Kwanza, jina la kipande linasaidia, tusijidanganye. Ukiondoa jina, mwingine atasikia mvua, mwingine msiba. Lakini kuna mbinu pia. Sauti za juu kabisa za piano ni fupi na kavu, zinang'aa kama kioo. Ukiziweka mbalimbali na kuacha nafasi, sikio linahisi eneo kubwa lisilo na kitu. Halafu ile pedali niliyosema: ukiikanyaga, sauti moja inakaa hewani mpaka inakufa yenyewe, kama kelele inayorudi kutoka mlimani.

Mfaransa Claude Debussy, mwaka 1910, alichapisha kipande kinachoitwa Nyayo Kwenye Theluji. Mdundo mdogo wa sauti mbili unarudiwa mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayetembea kwa shida. Juu yake wimbo unajaribu kuanza, unakatika. Juu ya karatasi alimwelekeza mpigaji kwamba mdundo ule uwe kama nchi ya huzuni iliyoganda. Ni dakika nne hivi tu, lakini ukimaliza kuusikiliza unataka kutafuta sweta.

Nchi haikuwa tupu

Hapa lazima nisimame kidogo. Muziki huu mara nyingi unaonyesha kaskazini kama nchi tupu: theluji, ukimya, hakuna mtu. Hiyo si kweli. Kaskazini mwa Norwe, Uswidi, Ufini na Urusi ni nchi ya Wasaami, wenyeji wa huko tangu zamani, wavuvi na wafugaji wa wanyama wa jamii ya paa wenye pembe kubwa. Na wana muziki wao wa barafu, unaitwa joiki. Huimbwa kwa sauti, mara nyingi bila maneno au kwa maneno machache. Msaami atakwambia hauimbi kuhusu mlima, unauimba mlima wenyewe, au mtu mwenyewe.

Muziki huo uliitwa dhambi. Ngoma za Wasaami zilikusanywa na kuchomwa. Ngoma ya mzee mmoja, Anders Poulsen, aliyeshtakiwa kwa uchawi mwaka 1692, ilipelekwa Denmark ikabaki mali ya huko kwa karne kadhaa, na ikarudishwa rasmi kwa Wasaami 2022. Kuanzia katikati ya karne ya 19, serikali ya Norwe ilikuwa na siasa ya kuwafanya Wasaami wawe Wanorwe. Watoto walikatazwa lugha yao shuleni, na joiki pia. Fikirieni: ni miaka ileile ambayo watu wa Norwe walikuwa wanadai haki ya kuwa na sauti yao wenyewe. Waliobanwa waliweza kuwabana wengine. Hili ni somo ambalo sisi wa Maziwa Makuu tunapaswa kulisoma mara mbili.

Halafu mwaka 1944 jeshi la Wajerumani, likirudi nyuma, lilichoma karibu kila nyumba katika mkoa wa Finnmark, kaskazini kabisa. Watu kama 50,000 walihamishwa kwa nguvu. Maelfu wengine walijificha mapangoni na kwenye vibanda, wakati wa baridi ileile tunayoisikia kwenye piano kama kitu kizuri.

Mfalme Harald wa Norwe aliomba radhi kwa Wasaami mwaka 1997. Na kwa wale mliotazama katuni ya Frozen ya 2013, ile kwaya inayofungua filamu imetokana na kazi ya Frode Fjellheim, mwanamuziki Msaami, na ndani yake kuna joiki. Filamu ya pili ilipokuja 2019, kampuni ilisaini kwanza makubaliano na wawakilishi wa Wasaami kuhusu utamaduni wao, na filamu ikatafsiriwa kwa Kisaami. Ukiuliza kwa nini jina na ruhusa ni muhimu, jibu ni hilo.

Piano juu ya bahari

Wa mwisho ni wa wakati wetu. Juni 2016, mpiga piano Mwitalia Ludovico Einaudi alipelekwa na shirika la Greenpeace mpaka visiwa vya Svalbard, kati ya Norwe na ncha ya kaskazini. Wakaelea na piano kubwa juu ya jukwaa la mbao lenye urefu wa mita 10, mbele ya mto wa barafu unaoitwa Wahlenbergbreen. Akapiga kipande alichokitunga kwa ajili hiyo, Maombolezo ya Aktiki. Katikati ya video, nyuma yake, kipande cha barafu kinakatika na kuanguka baharini. Hakuna aliyekipanga.

Wiki hiyohiyo nchi kadhaa zilikuwa zinakutana Tenerife kujadili kulinda sehemu ya bahari ya Aktiki. Watu mamilioni walitazama video, wengi walilia. Mkutano ukaisha bila kupitisha ulinzi ule. Nalitaja hili ili tusidanganyane. Wimbo haurudishi nchi. Haukurudisha Karelia, haukuzuia barafu kuyeyuka. Wimbo unafanya kazi nyingine: unazuia watu kusema kesho kwamba hakukuwa na kitu pale.

Na sisi?

Msifikiri barafu ni ya wazungu tu. Kwenye mpaka wa Kongo na Uganda, juu ya Rwenzori, kilele cha Margherita kina mita 5,109 na kina barafu. Wakonzo wanaiita milima hiyo Rwenzururu, nchi ya theluji, na ndugu zao Wanande wanaiona kutoka upande wa Kongo. Mwaka 1906, msafara wa mwanamfalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, ulipofika kileleni na kukipa jina la malkia wao, barafu ilikuwa zaidi ya kilomita za mraba 6. Miaka mia baadaye haikufika hata moja. Mwaka 2022 UNESCO ilionya kwamba barafu za mwisho za Afrika huenda zisiwepo ikifika 2050. Nani anaandika nyimbo za wazee waliozaliwa chini ya mlima ule? Na hizo za Itombwe, za Rusizi, za Masisi, ambako hakuna barafu lakini watu wameondoka?

Hatuna Grieg kambini, lakini hatuhitaji kumsubiri. Kazi ya Halvorsen na ya Mchungaji Neovius, ya kukaa chini na kusikiliza, simu yoyote inaiweza. Mambo ni machache. Omba ruhusa kwanza. Rekodi wimbo wote, hata kama mzee anasahau na kurudia. Andika jina lake, kijiji, lugha, na nani alimfundisha. Usiseme "wimbo wa asili" kana kwamba haukuwa na mwenyewe. Na ninyi wapiga kinanda wa kwaya, siku moja baada ya mazoezi jaribuni kuipiga sauti ile peke yake, bila maneno, bila mdundo wa mashine, muone inabeba nini.

Wiki hii kila mmoja wetu amtafute mzee mmoja wa karibu. Mwulize wimbo aliokuwa akiimba akiwa shambani, na jina la kilima kilichoonekana kutoka shamba lile.